Mti huu ni wa nani? Tuulize kabla ya kukata

Hapa Kirotshe, kama kwingine Masisi, mti si kuni tu. Aliyepanda mikaratusi anaonyesha kwamba shamba ni lake. Familia iliyokimbia vita ikikata bila kuuliza, mwenye shamba huogopa kwamba kesho atanyang'anywa udongo. Ndipo ugomvi huanza.

Sheria ya misitu namba 011/2002 ya tarehe 29 Agosti 2002 inasema nini? Kifungu cha 9 kinasema kwamba mti ulio shambani ni mali ya mwenye shamba, na mti wa kijiji ni mali ya kijiji kizima. Watu wanaoishi karibu na msitu wanaweza kuchukua kuni za kupikia nyumbani, lakini si za kuuza. Kuchoma makala ya biashara au kupasua mbao kunahitaji kibali.

Tunaomba viongozi wa wakimbizi, chifu wa kijiji na wenye mashamba wakae pamoja, waonyeshane mahali pa kuokota kuni na miti isiyoguswa, na akina mama wasikilizwe, kwani ndio wanaotafuta kuni.

Ndugu mliokimbia, nanyi mliacha miti kwenu. Mngependa kurudi na kuikuta imesimama. Aliyewapokea anataka vilevile.