Je, Wajua? Tembo wa Dhahabu na Hela za Maganda ya Mizinga

Je, wajua kwamba mwaka 1916 Tabora ilikuwa na kiwanda chake cha kufua sarafu? Jengo lenyewe halikuwa la kujivunia. Lilikuwa karakana ya reli huko Lulanguru, kando ya Reli ya Kati, magharibi ya mji, mahali palipojengwa kwa ajili ya kutengeneza injini na mabehewa. Kwa miezi michache mafundi wa humo waliacha magurudumu wakagonga fedha: dhahabu, shaba nyekundu na shaba ya njano. Kila kipande kilichotoka kilipewa herufi ndogo T, alama ya Tabora, na leo herufi hiyo ndiyo jambo la kwanza ambalo mkusanyaji wa sarafu za Vita Kuu ya Kwanza hutafuta kwa kioo cha kukuzia.

Kabla ya vita hapakuwa na haja ya shida hiyo. Fedha za Afrika Mashariki ya Kijerumani zilikuja kwa meli. Sarafu zilifuliwa Berlin na Hamburg, ndiyo maana hela na rupia za miaka hiyo zina herufi A au J, na noti za Deutsch-Ostafrikanische Bank zilichapwa Ujerumani. Tangu marekebisho ya 1904 rupia moja iligawanywa katika hela 100, na rupia 15 zilihesabiwa sawa na mark 20 za Ujerumani. Agosti 1914 vita vikaanza. Manowari za Uingereza zikaifunga pwani, na yeyote aliyekuwa na rupia ya fedha halisi akaifukia au akaishona kwenye nguo. Huku nyuma, jeshi la Paul von Lettow-Vorbeck lilikuwa linapanuka hadi kufikia askari Waafrika wapatao 11,000, na nyuma ya askari misururu ya wapagazi. Hao wote walitaka mshahara, na wanavijiji waliouza mtama na ng'ombe walitaka malipo.

Karatasi ilitangulia chuma

Jibu la kwanza la serikali ya gavana Heinrich Schnee lilikuwa mashine ya kuchapia. Kuanzia Machi 1915 zikatolewa noti za muda, Interims-Banknoten, zilizochapwa humu humu nchini. Ya rupia 20 ndiyo iliyotangulia, kisha mwaka huo huo zikafuata za rupia 200, 5, 10, 50 na 1. Karatasi ilikuwa yoyote iliyopatikana, kwa hiyo noti mbili za thamani moja zinaweza kutofautiana kwa unene na hata kwa rangi. Kila noti ilimhakikishia mwenye nayo kwamba thamani yake yote imewekwa amana kwa serikali ya Kaisari katika koloni. Ahadi nzuri, isipokuwa serikali yenyewe baada ya mwaka mmoja na nusu ilikuwa mbioni.

Noti ya rupia 1 ilichapwa kwa wingi na kwa tarehe nyingi: Septemba, Novemba na Desemba 1915, tena Februari 1916. Ndiyo inayopatikana kirahisi kuliko zote, na anayeanza kukusanya kwa kawaida huanzia hapo. Lakini asidhani amemaliza akishapata moja. Herufi za mfululizo, saini na aina ya karatasi vimewafanya wakusanyaji wa Kijerumani watengeneze orodha ndefu kuliko subira ya mtu wa kawaida.

Kituko kikubwa cha karatasi kilikuja 1917. Dar es Salaam ilikuwa imeshatekwa tarehe 4 Septemba 1916, na Tabora siku kumi na tano baadaye. Serikali ya Kijerumani ilibaki kuhamahama kusini, msituni, bila kiwanda cha uchapaji. Hata hivyo noti za tarehe 1 Julai 1917 zipo. Ziligongwa kwa mkono, kwa herufi za mpira kama zile za mihuri ya ofisini, mstari baada ya mstari. Herufi moja imepanda, nyingine imeshuka, wino umejaa hapa na kufifia pale. Wajerumani wenyewe waliziita Buschnoten, noti za porini. Kwa jicho la mhasibu ni aibu tupu. Kwa jicho langu hakuna noti iliyotoka Afrika Mashariki yenye kusema ukweli zaidi kuhusu hali ya aliyeitoa. Novemba mwaka huo Lettow-Vorbeck alivuka mto Ruvuma kuingia Msumbiji, na eneo ambalo noti hizo zilidai kutawala halikuwepo tena mikononi mwake.

Tembo

Turudi Tabora. Dhahabu ilitoka Sekenke, machimbo ya Iramba katika Singida ya leo. Ikafuliwa sarafu ya rupia 15 yenye tai wa dola upande mmoja na upande wa pili tembo aliyeinua mkonga, nyuma yake milima. Dhahabu yake haikuwa safi kabisa, robo tatu tu, nyingine ni mchanganyiko. Inasimuliwa kwamba mihuri ya chuma ya kugongea ilichongwa na sonara mmoja kutoka Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka. Ukiitazama kazi ile huoni ajabu: ngozi ya tembo ina mikunjo, masikio yana uzito, na mnyama anakwenda. Sarafu nyingi rasmi za Ulaya za miaka ile zina wafalme waliokauka kuliko tembo huyu.

Zilifuliwa 16,198. Wakusanyaji wanazigawa katika makundi mawili kwa kuangalia nakshi iliyo upande wa tai. Ncha ya kulia ya nakshi ikiishia chini ya A ya kwanza ya OSTAFRIKA, ni kundi moja. Ikiishia chini ya T, ni kundi la pili. Katika minada ya Ulaya na Marekani tembo wa Tabora huuzwa kwa maelfu ya dola, na kwa sababu hiyo hiyo ameghushiwa sana. Wa bandia wengi hunaswa na mizani na kingo zao, na mikunjo ya ngozi huonekana kama imepakwa siagi.

Shaba iliyotoka vitani ikarudi vitani

Mimi, nikilazimishwa kuchagua, namwacha tembo nachukua hela 20.

Hii ilifuliwa kwa wingi mno, zinakadiriwa kukaribia milioni 2, nyingi za shaba ya njano na chache za shaba nyekundu. Kabla ya vita sarafu ya hela 20 haikuwepo. Palikuwa na robo rupia, yaani hela 25. Mafundi wa Lulanguru walibuni thamani mpya kabisa, wakaweka taji juu, chini yake herufi D.O.A., kifupi cha Deutsch-Ostafrika, mwaka 1916 na T. Hakuna tembo, hakuna mlima. Shaba yenyewe ilitoka kwenye chochote kilichopatikana, yakiwemo maganda ya risasi na ya mizinga.

Hapa ndipo manowari ya Kijerumani Königsberg inapoingia katika historia ya fedha. Meli hiyo ilijificha katika mikono ya mto Rufiji, ikazingirwa na Waingereza, na tarehe 11 Julai 1915 mabaharia wake wakaizamisha wenyewe. Mizinga yake kumi ya milimita 105 iliopolewa, ikawekewa magurudumu na kukokotwa nchi kavu. Mmoja unaweza kuuona mpaka leo Fort Jesus, Mombasa. Risasi za mizinga ile zilipokwisha kazi yake, maganda yake ya shaba yalikuwa mali. Kwa hiyo mpagazi aliyelipwa hela 20 mwaka ule huenda alishika mkononi kipande cha kitu alichokuwa amekibeba kichwani.

Mihuri ya kugongea ilichakaa upesi, ikapasuka, ikachongwa mingine kwa haraka, na haraka hiyo imewaachia wakusanyaji karamu. Kuna taji kubwa na taji dogo. Katika neno HELLER angalia ncha za L mbili: upo muhuri ambao L ya pili tu imejikunja nchani, upo ambao zote mbili zimechongoka, na upo ambao zote mbili zimejikunja. Changanya hayo na aina mbili za shaba, na sarafu iliyodhaniwa kuwa moja inageuka familia nzima. Mipasuko ya muhuri nayo huonekana kama mishipa iliyotuna juu ya shaba. Hela 5 ya Tabora, ndogo na ya shaba ya njano, ni chache zaidi: zilitoka kidogo juu ya 300,000.

Kazi ilikoma Septemba 1916. Jeshi la Wabelgiji chini ya Charles Tombeur, lililojaa askari wa Force Publique kutoka Kongo, liliingia Tabora tarehe 19.

Si Tabora peke yake

Afrika ilikuwa imeshaona fedha za dharura kabla ya hapo. Mwaka 1884 Charles Gordon, akiwa amezingirwa Khartoum na jeshi la Mahdi, alitoa noti za karatasi na nyingi akazitia saini kwa mkono wake. Mwaka 1900 Mafeking iliyozingirwa na Makaburu ilichapa zake, na noti ya pauni moja ilichorwa na Robert Baden-Powell mwenyewe, yule wa maskauti. Makaburu nao, vita vikiwaelemea mwaka 1902, waligonga pauni za dhahabu huko Pilgrim's Rest, 986 tu.

Rupia za Mjerumani na wanaozichimba

Kuna uvumi Tanzania usiozeeka, kwamba Wajerumani walipokimbia walifukia masanduku ya rupia chini ya maboma, makanisa na miembe. Watu wamechimba misingi ya majengo ya kale kwa uvumi huo, na matapeli wamejenga nyumba kwa kuuza ramani na "rupia zenye nguvu" ambazo hazina nguvu yoyote. Anayekuletea rupia ya Mjerumani kwa siri usiku, akitaka malipo ya awali, hana sarafu ya kukuuzia. Sarafu halisi za kawaida za kipindi hicho bei yake si ya kumfanya mtu anong'one. Hela 20 iliyochakaa hununuliwa kwa fedha ambayo mfanyakazi wa kawaida anaweza kuiweka pembeni.

Kinachoharibu sarafu hizi kuliko wezi ni usafi. Mtu anairithi hela kutoka kwa babu, anaisugua kwa majivu na ndimu mpaka inang'aa, kisha anashangaa mnunuzi anapokunja uso. Ule weusi na ukijani uliotulia juu ya shaba ndio ngozi yake. Ukiondoka haurudi, na mistari ya kusugulia huonekana milele. Shika sarafu kwenye kingo, iweke ndani ya bahasha ya karatasi isiyo na asidi au kibao cha plastiki ngumu, wala si mfuko laini wa plastiki, kwa kuwa plastiki laini ya PVC hutoa majimaji yanayokula shaba. Noti usiipitishe kwenye mashine ya lamination kama cheti cha kuzaliwa. Karatasi ya 1915 ikishapikwa ndani ya plastiki hakuna mtaalamu atakayeitoa salama.

Mikunjo ya noti iachwe, na maandishi ya penseli yaachwe. Hata muhuri wa duka usifutwe. Shilingi ilipoingia mwanzoni mwa miaka ya 1920, benki iliyotajwa kwenye karatasi zile haikuwa tena na dirisha Dar es Salaam, na alama hizo ndizo zinazoonyesha kwamba noti fulani iliwahi kweli kununua unga kabla haijawa takataka. Noti ya rupia 1 isiyo na kunyanzi huuzwa ghali zaidi kwenye minada. Yenye kunyanzi ina mengi zaidi ya kusomwa, na ni rahisi kuipata.