Kahawa ya Kagera na fedha zinazochelewa

Ujerumani hutoza kodi ya euro 2.19 kwa kila kilo ya kahawa iliyokaangwa. Ni kodi ya mlaji, na kila mwaka huiingizia hazina ya Berlin zaidi ya euro bilioni 1. Sasa mtazame mkulima wa Muleba, mkoani Kagera, ambaye chama chake cha msingi kina cheti cha Fairtrade. Ile fedha ya nyongeza inayosifiwa kwenye pakiti ni senti 20 za dola kwa ratili ya kahawa safi, sawa na senti 44 kwa kilo. Kilo moja ikaangwayo huhitaji kama kilo moja na robo ya punje mbichi, kwa hiyo nyongeza nzima inafika senti 55 hivi. Serikali ya Ujerumani, ambayo haijapalilia hata shina moja, inapata zaidi ya mara nne ya hizo. Gerd Müller, alipokuwa waziri wao wa ushirikiano wa maendeleo, alipendekeza kahawa ya biashara ya haki isamehewe kodi hiyo. Haikusamehewa.

Nimeanza na hesabu hiyo kwa sababu mazungumzo ya biashara ya haki kati ya nchi tajiri na zetu huishia mara nyingi kwenye nembo na huruma ya mnywaji wa Hamburg, wakati suala lenyewe ni la fedha: nani anazishika, na anazishika mwezi gani.

Utaratibu wa biashara ya haki ulizaliwa wakati mbaya. Mwaka 1988 Waholanzi walianzisha nembo ya Max Havelaar. Mwaka uliofuata, Julai 1989, mfumo wa migawo chini ya Mkataba wa Kimataifa wa Kahawa ulivunjika, bei zikaporomoka, na ushirika wa Kagera, KCU, ukawa miongoni mwa vyama vya mwanzo Afrika kuuza kwa njia hiyo mpya. Bei ilipozama hadi chini ya senti 50 kwa ratili kwenye soko la New York mwaka 2001, waliokuwa na mnunuzi anayeheshimu kima cha chini cha bei cha Fairtrade walikuwa na pa kushika.

Kima hicho kilipandishwa Agosti 2023: dola 1.80 kwa ratili ya arabika iliyooshwa, dola 1.20 kwa robusta iliyoanikwa na maganda yake, ambayo ndiyo kahawa nyingi ya Kagera. Lakini hiyo ni bei ya kahawa ikiwa imeshapakiwa melini, si bei ya kibandani. Dola 1.20 kwa ratili ni dola 2.65 kwa kilo ya kahawa safi. Mkulima haleti kahawa safi. Analeta maganda, na kilo mbili za maganda zikikobolewa hutoa kama kilo moja. Kila kilo aliyoianua kwenye turubai inabaki na dola 1.32, na hapo hujatoa gharama za kukoboa, magunia, ghala, ushuru wa ushirika, wala lori la kutoka Bukoba hadi bandari ya Dar es Salaam, safari inayokaribia kilomita 1,400. Tena vyama vingi vyenye cheti huuza sehemu tu ya mavuno yao kwa masharti hayo. Iliyobaki huenda soko la kawaida ingawa cheti kimelipiwa chote.

Kisha ikaja Februari 2025, arabika ikapita dola 4 kwa ratili huko New York, rekodi mpya. Kima cha chini kikawa hakina kazi. Ungedhani huo ndio mwaka wa neema kwa ushirika, lakini bei ikipanda hivyo chama kisicho na fedha taslimu ndicho kinachoumia. Mkulima akipeleka maganda chamani hupimiwa, hupewa stakabadhi, halafu husubiri mnada. Mlanguzi anasimama getini na noti mkononi. Na bei ikiwa nzuri ng'ambo ya Mutukula, magunia huvuka usiku kwenda Uganda, mchezo ambao Kagera inaujua tangu zamani.

Ubaya zaidi umefanyika miezi mingi kabla. Msimu wa kuchuma Kagera hushika kasi kati ya Mei na Septemba, ilhali shule hufunguliwa Januari. Ada ya shule za serikali iliondolewa, lakini sare, madaftari na nauli ya mwanafunzi wa bweni havijaondolewa, wala ugonjwa na msiba havingoji mavuno. Ndipo watu wanapouza butura: kahawa ingali ua au punje za kijani, mnunuzi anaikadiria kwa macho kibanjani, chini ya migomba, analipa, na mavuno yanakuwa yake. Tuseme amelipa shilingi 1,000 kwa kilo mwezi Januari na kahawa ikauzwa 3,000 mwezi Julai. Mwenye kibanja amekopa kwa riba ya asilimia 200 ndani ya nusu mwaka, na bado kazi ya kupalilia ni yake. Serikali imeipiga vita butura miaka nenda rudi, kwa matamko na kwa kukamata watu. Haiishi, kwa kuwa mwenye shida ya Januari hajapewa pengine pa kukimbilia.

Cha ajabu, dawa imo ndani ya kanuni za Fairtrade zenyewe, na ndiyo isiyozungumzwa sana. Mzalishaji akiomba, mnunuzi anatakiwa kumpatia au kumtafutia malipo ya awali hadi asilimia 60 ya thamani ya mkataba. Kwa maoni yangu kifungu hicho kina uzito kuliko nyongeza ya senti 20, kwa sababu kinagusa mahali ambapo mkulima anapoteza theluthi mbili za bei yake. Tatizo ni hilo neno "akiomba". Chama chenye hesabu zenye mashaka huogopa kuomba deni; mnunuzi naye, akijua bei ikiruka kahawa inaweza isifike, hana haraka ya kukumbushia. Hapo lawama si za Ulaya peke yake. Viongozi wa vyama waliokula malipo ya wanachama ndio waliowafundisha wakulima kumwamini zaidi mlanguzi.

Watu wengi hudhani kikwazo kikubwa ni ushuru wa forodha. Kwa Tanzania si hivyo. Umoja wa Ulaya hautozi ushuru kahawa mbichi, na hata iliyokaangwa, ambayo kwa kawaida hutozwa asilimia 7.5, huingia bure ikitoka nchi maskini zaidi chini ya mpango wa mwaka 2001 wa bidhaa zote isipokuwa silaha. Ndiyo maana Tanzania iliweza kukataa kusaini mkataba wa ubia wa kiuchumi na Ulaya mwaka 2016. Kenya, isiyo kwenye kundi hilo, ilisaini wake Desemba 2023, ukaanza kutumika Julai 2024.

Kwa nini basi tunauza punje mbichi? Bukoba ina kiwanda cha kahawa ya kuyeyuka, Tanica, ambacho KCU ina hisa zake, kwa hiyo utaalamu si mgeni. Kinachokosekana ni jina kwenye rafu na mtaji wa kulilinda. Japani kuna kanuni kwamba kahawa ya mchanganyiko iitwayo Kilimanjaro lazima iwe na angalau asilimia 30 ya kahawa ya Tanzania. Jina ni letu, asilimia 70 inaweza kuwa ya mwingine, na kahawa ya Bukoba haihesabiwi humo kabisa.

Gharama mpya imeshabisha hodi. Sheria ya Ulaya ya mwaka 2023 inataka kahawa iingiayo ithibitishwe kuwa haikutoka kwenye msitu uliokatwa baada ya Desemba 31, 2020, pamoja na alama za ramani za kila shamba. Utekelezaji umeahirishwa mara mbili. Wajibu wa kuthibitisha ni wa mwagizaji wa Ulaya, ila sheria haisemi nani alipie kijana wa kuzunguka na simu kwenye maelfu ya vibanja vya chini ya hekta moja, wala takwimu hizo zitakuwa mali ya nani zikishakusanywa. Mkataba unaoandikwa msimu huu kati ya chama cha msingi na mnunuzi wa ng'ambo unaweza kuyajibu yote mawili, na ukaongeza tarehe ya malipo ya awali: Januari, siyo Julai.