Dola 378,890 na senti 59

Tarehe 2 Februari 2018, Mahakama ya Kimataifa ya Haki (ICJ) kule The Hague iliiamuru Nicaragua iilipe Costa Rica dola za Marekani 378,890 na senti 59. Costa Rica ilikuwa imedai dola milioni 6.7, kwa hiyo iliambulia chini ya senti sita kwa kila dola iliyoidai. Ukiitazama hukumu hiyo peke yake utasema wamedhulumiwa. Ukiitazama pamoja na bei ya njia nyingine iliyokuwapo, yaani vita, utaona walitoka na nafuu kubwa.

Mgogoro wenyewe ulianza Oktoba 2010. Nicaragua ilikuwa ikichimbua mchanga kwenye Mto San Juan, na watu wake wakavuka hadi eneo la kinamasi la takriban kilomita tatu za mraba karibu na mdomo wa mto. Walichimba mfereji, wakakata karibu miti 300 na kufyeka hekta 6.19 za uoto, yaani karibu viwanja tisa vya mpira. Kwingineko duniani watu wameuana kwa eneo dogo kuliko hilo. Costa Rica haina jeshi tangu 1948. Ilichofanya ni kupeleka polisi mpakani, kwenda kwenye Jumuiya ya Nchi za Amerika (OAS), na Novemba 2010 kufungua kesi The Hague.

Hukumu kuhusu mwenye ardhi ilitoka Desemba 2015: eneo ni la Costa Rica. Ya fidia ikafuata baada ya miaka miwili na ushei. Tukiifungua ile ankara, dola 120,000 zilikuwa za uharibifu wa mazingira, mara ya kwanza kwa mahakama hiyo kuupangia uharibifu wa aina hiyo bei. Dola 2,708 zilikuwa za kurekebisha ardhi oevu, na dola 236,032 za gharama kama safari za ndege za ukaguzi na picha za setilaiti. Riba ikajaza dola 20,150. Machi 2018 Nicaragua ikalipa. Hakuna mwanajeshi wala polisi aliyerudishwa kwao ndani ya jeneza.

Cha ajabu, hela nyingi zilipotea mahali pengine. Kwa hamaki ya 2010, serikali ya Costa Rica ilikurupuka kujenga barabara ya kilomita 160 sambamba na mpaka, bila tathmini ya athari kwa mazingira. Ikala mamilioni ya dola, ikazaa kashfa ya rushwa, na katika hukumu ileile ya 2015 majaji wakaipata Costa Rica na kosa kwa kuruka tathmini hiyo. Nchi isiyo na jeshi nayo hushikwa na homa ya vita. Tofauti ni kwamba homa yake iliishia kwenye makatapila.

Wapenzi wa Costa Rica hupenda kutia chumvi kwenye akiba inayotokana na kutokuwa na jeshi. Mwaka 2023 dunia ilitumia takriban asilimia 2.3 ya pato lake kwa majeshi. Pato la Costa Rica mwaka huo lilikuwa kama dola bilioni 86, na kwa kiwango hicho jeshi lingekula karibu dola bilioni mbili. Lakini kipimo cha haki ni jirani, na Nicaragua hutumia chini ya asilimia moja ya pato lake. Kwa hiyo akiba halisi haifiki dola milioni 860 kwa mwaka. Si haba kwa nchi ya watu milioni tano, ila haitoshi kueleza kila shule na kila zahanati. Katiba inaagiza asilimia 8 ya pato iende kwenye elimu, na miaka ya karibuni agizo hilo halijatimizwa.

Faida kubwa zaidi haimo kwenye bajeti. Utafiti wa wachumi wa Chuo Kikuu cha Costa Rica uliotoka 2018 ulionyesha kwamba pato kwa kila mtu lilikua kwa wastani wa asilimia 1.46 kwa mwaka kati ya 1920 na 1949, kisha asilimia 2.28 kati ya 1950 na 2010. Kwa kasi ya kwanza pato huchukua miaka 48 kuongezeka maradufu. Kwa ya pili, miaka 31. Hakuna jeshi maana yake hakuna mapinduzi ya jeshi, na mwekezaji hulijua hilo kuliko mwanasiasa.

Ulinzi wa bure, hata hivyo, haupo. Januari 1955 waasi walipoingia kutoka Nicaragua, Marekani iliiuzia Costa Rica ndege nne za kivita aina ya P-51 kwa dola moja kila moja. Dola nne hizo zina deni lake. Miaka ya 1980 Washington ilimwaga misaada ya zaidi ya dola bilioni moja, huku waasi wa Contra wakiitumia ardhi ya kaskazini kuishambulia Nicaragua. Rais Luis Alberto Monge alitangaza Novemba 1983 kwamba nchi haitaegemea upande wowote, lakini tangazo lilianza kuwa na meno alipoingia madarakani Óscar Arias mwaka 1986, akafunga uwanja wa ndege wa siri wa Contra huko Guanacaste na kuvumilia hasira za mfadhili. Mwaka uliofuata marais watano wa Amerika ya Kati wakatia saini mpango wake wa amani. Vita vya El Salvador viliua watu wapatao 75,000. Costa Rica, iliyo katika ukanda huohuo, haikuingia kwenye moto huo.

Msomaji wa Bukoba atanikatiza hapa, na ana haki. Kile kinamasi cha Mto San Juan hakikuwa na kijiji. Mwaka 1978 Idi Amin wa Uganda aliteka takriban kilomita 1,800 za mraba za Kagera, raia wakauawa, na mtu wa Kyaka hangeambiwa asubiri majaji kwa miaka mitano. Kumtoa mvamizi nyumbani kwako si kuingilia mambo ya nchi nyingine. Ila ardhi ya Tanzania ilikuwa imekombolewa mwanzoni mwa 1979. Kampala iliangushwa tarehe 11 Aprili, na vikosi vya Tanzania vikabaki Uganda hadi 1981. Dola milioni 500 zinazotajwa kuwa gharama ya vita hivyo huwekwa kwenye fungu moja, wakati zililipia safari mbili: ya kwanza iliishia Mutukula, mpakani.