Je, Wajua? Meko Yaliyobanwa Koo
Joto jingi la meko ya ukutani ya London lilipaa pamoja na moshi kupitia dohani, yaani bomba la kutolea moshi, hadi mwaka 1796, Benjamin Thompson, mzaliwa wa Massachusetts aliyejulikana kama Count Rumford, alipoandika kwamba kasoro ilikuwa katika umbo la meko, wala si katika makaa ya mawe. Alipunguza kina cha meko, akazilaza kuta za kando zielekee chumbani kwa pembe ya takriban nyuzi 135 na ukuta wa nyuma, na koo la dohani akalibana hadi inchi 4 hivi, kwani kinachompasha mtu joto ni mnururisho, yaani joto lisafirilo moja kwa moja kama mwanga, ilhali hewa ya moto hutorokea juu. Mwashi, matofali machache na chokaa vilitosha.