Githeri Haihitaji Moto wa Kutwa

Jumamosi moja tulikaa na kikundi cha akina mama kando ya jumba la kanisa tukawaonyesha kikapu cha kupikia. Sufuria ya maharagwe ilikuwa imetokota kwa nusu saa. Tukaiepua, tukaizika ndani ya kikapu kilichojazwa vitambaa vikuukuu, tukafunika vizuri. Halafu tukazima moto.

Shosho mmoja aliyekaa mbele alitutazama kwa huruma. "Watoto wangu," akasema, "mmezima moto na maharagwe bado ni magumu kama mawe. Leo tutalala njaa."

"Subiri kidogo, shosho," tukamjibu. "Moto tumeuzima, lakini joto hatujalitupa."

Baada ya saa tatu na nusu tulifungua. Mvuke ukapanda. Shosho akachukua punje moja, akaifinya kwa vidole, ikapondeka. "Kumbe!" akasema. Kisha akauliza swali lililotufanya tuandike makala hii: "Sasa zile kuni nyingine zote nimekuwa nikichoma za nini?"

MAJI YAKISHACHEMKA

Wengi wetu tunafikiri kwamba tukiongeza kuni chini ya sufuria inayotokota, maji yatazidi kuwa moto na chakula kitaiva upesi. Sivyo. Maji yakifika kiwango cha kuchemka hayapandi tena, hata mkichoma shamba lote la miti.

Mombasa kiwango hicho ni nyuzi 100 za Selsiasi. Nairobi, ambayo iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Nyahururu ni karibu nyuzi 92. Hii ni kwa sababu hewa ya huko juu ni nyepesi, hailemei maji sana. Ndiyo maana githeri ya watu wa milimani huchelewa kuiva kuliko ya watu wa pwani.

Basi kuni tunazoongeza zinaenda wapi? Zinatengeneza mvuke, na hiyo ni kazi ghali mno. Kupasha lita moja ya maji kutoka nyuzi 20 hadi nyuzi 100 kunahitaji nishati ya jouli 336,000 hivi. Kuyageuza maji hayo hayo yote kuwa mvuke kunahitaji jouli nyingine kama 2,260,000, yaani zaidi ya mara sita. Mvuke unapaa hadi kwenye mabati, nasi tunaongeza maji mengine na kuni nyingine. Ni kama kuteka maji kwa ndoo iliyotoboka.

Chakula hakihitaji kelele za kutokota. Kinahitaji kukaa katika joto kali kwa muda wa kutosha. Kwa hiyo kazi yetu baada ya sufuria kuchemka si kuongeza joto. Ni kulizuia lisitoroke.

NJIA TATU ZA JOTO KUTOROKA

Joto halikai mahali pamoja. Siku zote huondoka penye moto likaenda penye baridi, na lina njia tatu.

Ya kwanza ni kwa kugusana. Acheni kijiko cha chuma ndani ya uji wa moto, mkishike baada ya muda, mtakitupa! Lakini mwiko wa mbao mnaushika bila shida. Chuma hupitisha joto haraka, mbao hupitisha polepole, na hewa iliyotulia polepole zaidi. Si mnajua blanketi halina moto ndani yake? Linatupa joto kwa sababu nyuzi zake zimenasa hewa, na hewa hiyo inazuia joto la mwili wetu lisitoke. Sufuria nayo inaweza kuvishwa blanketi.

Ya pili ni kwa kubebwa. Hewa ikipata moto hupanuka, huwa nyepesi, hupanda juu ikiwa imebeba joto, na hewa ya baridi huja mahali pake. Ndiyo sababu moshi wa jikoni hupanda kabla ya kusambaa. Sufuria iliyo wazi hupoteza joto kwa njia hii na kwa mvuke pia. Dawa yake ni kifuniko kinachokaa sawasawa na mto mzito juu yake.

Ya tatu ni kwa mionzi. Mionzi ya joto husafiri kama mawimbi, ni ndugu ya mwanga, na haihitaji hewa wala kitu chochote cha kupitia. Joto la jua hutufikia hivyo kutoka umbali wa kilomita milioni 150 hivi, kupitia anga tupu. Mkiota makaa usiku, uso unachomeka ilhali mgongo una baridi: hiyo ni mionzi. Kitu cheusi huimeza, kitu kinachong'aa huirudisha ilikotoka.

Thamosi ya chai huziba njia zote tatu. Ina kuta mbili na katikati hewa imetolewa, kwa hiyo hakuna cha kupitisha joto wala cha kulibeba. Kuta zenyewe zinang'aa ili zirudishe mionzi. Kikapu chetu ni thamosi ya sufuria, ya watu wasio na pesa nyingi.

Wala si jambo geni. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia (1939–1945), familia nyingi za Uingereza zilipika kwa sanduku lililojazwa nyasi kavu kwa sababu nishati ilikuwa haba.

TUTENGENEZE KIKAPU

1. Chukueni kikapu, katoni au sanduku lenye nafasi kubwa kuliko sufuria yenu.

2. Jazeni chini na pande zote vitambaa, sponji, nyasi kavu au majani makavu ya migomba. Unene uwe kama sentimita 10. Msishindilie sana, hewa ndiyo inayofanya kazi.

3. Tandikeni kitambaa safi juu yake. Kama mna karatasi ya foili, iwekeni upande wa ndani, ing'ae kuelekea sufuria. Vitu vyote viwe vikavu, kwa sababu kitambaa chenye maji hupitisha joto upesi.

4. Shoneni mto mnene wa kufunika juu, usiache mwanya.

5. Sufuria ijae zaidi ya nusu. Chakula kidogo hupoa haraka. Itoeni motoni ikiwa bado inatokota, iingie kikapuni papo hapo, na hakikisheni hakuna kaa la moto lililoshika chini yake.

Mchele huchemshwa dakika tano, ukakaa kikapuni kama saa moja. Maharagwe yaliyolowekwa usiku kucha huhitaji saa tatu au nne. Githeri ya mahindi makavu huchukua zaidi. Na msifungue kuchungulia! Kila mkifungua, joto limeenda.

TAHADHARI MBILI

Maharagwe mabichi, hasa yale mekundu, yana sumu inayoleta kutapika na kuhara. Yakipashwa moto nusunusu yanaweza kudhuru kuliko hata mabichi. Yaloweke­ni, mwageni maji hayo, kisha yachemsheni kwa nguvu nusu saa nzima kabla ya kuyatia kikapuni. Hapo msibane kuni.

Pili, chakula kikishuka chini ya nyuzi 60 hivi, viini vya magonjwa huanza kuzaana. Mkifungua mkakuta ni vuguvugu tu, kichemsheni tena kabla ya kula. Msikilaze kikapuni hadi asubuhi.

Shosho alirudi nyumbani akatengeneza kikapu kwa katoni na sweta kuukuu za wajukuu. Anatuambia mzigo wa kuni uliokuwa ukiisha kabla ya wiki sasa unafika wiki ya pili, na mchana yuko shambani badala ya kukaa kwa moshi akichochea. Hata mwenye jiko la makaa au la gesi atafaidika vivyo hivyo.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Nyumbani kwenu, kuni huteketea kwa saa ngapi baada ya sufuria kuchemka?

2. Ni nani anayezitafuta kuni hizo, na angefanya nini na muda huo?

3. Katika jiko lenu, joto linatoroka kwa njia gani kati ya zile tatu?

Jaribuni, kisha mtuandikie mlivyoona.