Jirani wa Mnara Naye Ana Haki

Minara ya simu sasa ni biashara inayojitegemea. Mwaka 2013 Vodacom Tanzania iliiuzia Helios Towers minara zaidi ya 1,100, na leo kampuni za minara hupangisha mnara mmoja kwa mitandao kadhaa. Mwenye kiwanja hulipwa kodi. Jirani yake halipwi kitu, na pengine hujua kinachojengwa mafundi wakishachimba msingi. Asiposhirikishwa, kila anachosikia kuhusu mionzi humtia hofu.

Hofu hiyo inastahili kujibiwa kwa ushahidi. Mwaka 2011 IARC, taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani, iliyaweka mawimbi ya redio katika kundi 2B, la vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani. Ushahidi wenyewe ulikuwa hafifu, tena ulihusu zaidi simu ya sikioni kuliko mnara. Mwaka 2006 shirika hilo lilieleza kuwa mawimbi ya minara yanayowafikia watu yalikuwa kati ya asilimia 0.002 na 2 ya ukomo wa kimataifa. Wapo wanaosema minara ihamishwe mbali na makazi, tahadhari ni bora. Lakini simu ikiwa mbali na mnara huongeza nguvu ya kurusha mawimbi, nayo iko kichwani pa mtumiaji.

Hata hivyo kampuni zisidhani takwimu hizo zimemaliza shauri. Penye umeme wa kukatika, chini ya mnara hunguruma jenereta usiku kucha, moshi ukiingia madirishani. Moshi wa dizeli IARC iliuweka kundi la 1 mwaka 2012, la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani. Mwaka 2015 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Nakuru, Kenya, katika shauri la mnara wa simu, ilisema kuwa utaratibu wa kulinda mazingira usipofuatwa, ichukuliwe kuwa haki ya mazingira safi imevunjwa. Kampuni hulalamika kuwa kushauriana na wakazi kunachelewesha ujenzi na kupandisha gharama. Kesi na amri ya kusimamisha kazi ni ghali zaidi. Kibali kitolewe baada ya majirani kusikilizwa, vipimo vya mawimbi vibandikwe ofisi ya mtaa, na jenereta ipishe sola na betri kila inapowezekana. Hayo ni sehemu ya gharama halali za biashara hii, na jirani asibebeshwe.