Maji baridi ya mlimani huzamisha hata hodari

Wanaopanda Mlima Kenya kwa njia ya Chogoria huweza kupitia Ziwa Ellis, katika nyanda za nyasi na vichaka zilizo juu ya msitu, kimo cha zaidi ya mita 3,000. Baada ya kutembea juani, maji yale humvutia mtu aoge. Je, kuna hatari gani?

Ngozi ikipatwa na baridi kali ghafla, mtu hutweta bila kupenda na moyo humwenda mbio. Akitweta uso ukiwa majini, huvuta maji mapafuni. Hali hii hutulia baada ya dakika chache, lakini misuli ya mikono na miguu nayo huanza kuishiwa nguvu. Ndiyo sababu hata mwogeleaji hodari huzama karibu na ufuo.

Kwa hivyo usijirushe. Ingia polepole pasipo na kina, ukiwa na mwenzako, na utoke mapema. Ukitumbukia kwa bahati mbaya, lala chali uelee mpaka pumzi zitulie. Ukishatoka, vaa nguo kavu haraka na unywe chai. Epuka pombe, kwani huupunguzia mwili joto.

Mwenye ugonjwa wa moyo au shinikizo la damu asijaribu kabla ya kumwona daktari.